Shahidi wa Chuma Kingine

Watu wa mtaa ule walimwita Mama Makopo, na wengi walidhani anaokota makopo matupu ili akayauze kwa kilo. Hakuuza hata moja. Aliyataka makopo ya rangi, yale mazito yenye mfuniko wa kubana, akayachoma kwanza mpaka rangi yote itoke kwa moshi mweusi uliomfanya jirani wa kulia afunge madirisha huku akimtukana kwa sauti ya kusikika. Kila kopo lilimfaa mara mbili tu. Mara ya tatu lilitoboka kitako, na likitoboka kitako kazi ya kutwa imeharibika.

Mumewe aliitwa Fundi Moto. Jina hilo lilikuwa kichekesho, ila aliyekijua kichekesho chenyewe alikuwa mmoja tu, naye hakuwa na hamu ya kucheka. Fundi Moto aliogopa moto. Utotoni maji ya kuchemka yalimbabua paja, na tangu hapo hata kiberiti alikiwasha akiwa amegeuza uso. Kazi yake ilikuwa mashine ya lethi, iliyokaa chumba cha mbele karibu na mlango wa barabarani. Alifunga kipande cha chuma, kikazunguka, akakichonga mpaka kikawa pini, au bushi, au jino la gia la cherehani. Hapo alikuwa na mkono mzuri, na mtu asimnyime haki yake. Lakini pini iliyotoka pale ilikuwa chuma laini kama chuma kingine chochote. Ukiitia kwenye mashine inayozunguka kutwa, baada ya wiki mbili imelika, imebaki nyembamba kama mwiba wa samaki.

Kilichowaleta wateja, wengine kutoka mbali na vumbi lao miguuni, ni kwamba pini za nyumba ile hazikulika. Na hazikulika kwa sababu ya chumba cha nyuma.

Chumba hicho kilikuwa na upana wa hatua nne, paa la bati, na dirisha moja lililozibwa kwa gunia. Gunia lilikaa pale mchana kutwa, kwa kuwa rangi ya moto haionekani sawasawa penye jua, na Mama Makopo hakuwa na kipimo kingine ila rangi. Alipanga pini ndani ya kopo zisigusane, akazifukia kwa unga wa mkaa uliochanganywa na mifupa iliyochomwa ikasagwa, na konzi moja ya magadi. Akafunika, akaziba ukingo wa mfuniko kwa udongo wa mfinyanzi, asiache hata tundu la kupita sisimizi, akaliweka kopo katikati ya tanuri. Kisha akazungusha mpini wa feni, mkono wa kulia ukichoka anashika wa kushoto, mpaka kopo likawa na rangi ya pilipili iliyoiva ambayo imeanza kuelekea chungwa. Likifika hapo analishikilia hapo hapo mpaka madebe mawili ya mkaa yaishe. Ngozi ya chuma inakunywa mkaa, moyo wake haufikiwi. Ukikizamisha majini kikiwa bado chekundu, ngozi inakuwa ngumu kama kioo, na ndani kinabaki laini, kwa hiyo kikigongwa kinajikunja kidogo badala ya kukatika.

Kukomaza chuma huko alifundishwa na mama mkwe wake, mjane wa fundi wa makufuli. Bibi yule alimwita siku moja, mwaka wa kwanza wa ndoa, akamkabidhi koleo.

"Mwanangu namjua," alisema. "Anafunua sufuria kabla maji hayajachemka. Kazi hii nakupa wewe, mkamwana. Yeye mwachie kelele za mbele."

Mama mkwe ndiye aliyemfundisha pia kuweka shahidi. Kabla ya kuziba kopo unatia kipande kimoja cha ziada, kilichokatwa kwenye fimbo ile ile ya chuma iliyozaa pini. Kazi ikiisha unakizamisha pamoja na wenzake, unakibana kwenye jiriwa, unakivunja kwa nyundo, unakitazama tumboni. Ukiona ukanda mwembamba pembeni, laini kama kaure, na katikati kijivu chenye nyuzinyuzi, basi pini zote ziko hivyo. Pini za mteja huwezi kuzivunja ili uzitazame. Shahidi anavunjwa kwa niaba yao.

Miaka kumi na tisa aliifanya kazi hiyo. Nyusi zake ziliungua na kuota mara nyingi hata akaacha kuzihesabu kama nyusi. Na katika miaka hiyo yote alitaka kitu kimoja.

Juu ya mlango wa mbele kulikuwa na kibao. Mama Makopo hakupelekwa shule. Kwao walipelekwa kaka zake. Siku kibao kilipotundikwa alimwomba jirani wa kushoto, mshonaji wa nguo, amsomee.

"Kimeandikwa Fundi Moto, mkomazaji wa vyuma vya kila aina. Siri ya ukoo."

"Na mimi?"

"Wewe humu sikuoni, dada. Labda umeandikwa kwa nyuma."

Mshonaji alicheka, naye akacheka kidogo ili asimwaibishe mwenzake, kisha akaingia ndani akaendelea kusaga mifupa. Wala hakukitaka kibao. Alitaka siku moja tu, mteja akiwa amesimama pale mlangoni anasifu, mumewe aseme kwa mdomo wake mwenyewe: kazi ya moto ni ya mke wangu. Basi. Badala yake mteja akisifu, mumewe alitikisa kichwa kama mtu aliyechoka kusifiwa, akasema ni siri ya ukoo, na mke akapita katikati yao na sinia la chai.

Mara moja alikuja kijana wa chuo cha ufundi na kalamu mfukoni. Fundi Moto akaingia chumba cha nyuma kwa haraka, akasimama mbali na tanuri.

"Anauliza digrii ngapi."

"Mwambie pilipili iliyoiva, inayoanza kuwa chungwa."

"Siwezi kumwambia msomi pilipili."

"Basi mwambie aje aone."

Fundi Moto alirudi mbele. Mama Makopo alimsikia akikohoa, kisha akisema kwa sauti nzito kwamba mambo hayo ni siri ya ukoo.

Mteja aliyejua moto ni wa nani alikuwa mmoja. Mwanamke mmoja mwenye mashine ya kusaga nafaka, mnene, mcheshi, mwenye unga hata kwenye kope, aliyeitwa Bi Mashine, aliwahi kupitia uani kwa sababu mlango wa mbele ulikuwa umejaa watu. Akamkuta Mama Makopo amekaa kwenye kigoda anazungusha feni, jasho linamtiririka kama aliyenyeshewa. Akatazama kopo jekundu, akatazama koleo, akatazama mlango wa mbele kulikokuwa na sauti ya mume.

"Kumbe," akasema. "Kumbe yule ni spika tu, redio yenyewe iko huku."

Tangu siku hiyo Bi Mashine alipitia uani. Ndani ya mashine yake kulikuwa na nyundo ndogo za chuma zilizoning'inia kwenye pini, kila nyundo na pini yake, zikizunguka kwa kasi na kuipondaponda nafaka. Pini zikilika, nyundo zinacheza, unga unatoka na chenga. Kila miezi michache alikuja kuagiza kumi na mbili. "Fundi," alimwambia Mama Makopo, kwa sauti ya chini ili wa mbele asisikie, "nitilie zile zako." Hakuna mwingine aliyemwita fundi. Mama Makopo alilipokea neno hilo kama mtoto anavyopokea peremende kiganjani, na akiwa peke yake alilirudia.

Sasa, asubuhi moja Fundi Moto alikuwa anakunywa chai, akaweka kikombe chini, akafuta mdomo.

"Nimeoa," akasema.

Mama Makopo alikuwa anafunga kanga. Akaendelea kuifunga.

"Ana nyumba yake ng'ambo ya reli. Ina chumba kikubwa cha mbele, na umeme hauzimiki ovyo. Nafikiria lethi ikae kule."

"Lini?"

"Nafikiria lethi ikae kule."

"Nimeuliza umeoa lini."

"Mwezi wa tatu," akasema, na huo ulikuwa mwezi wa nane.

Hakumtupia kikombe. Hakulia, walau si mbele yake. Alinyanyuka akaenda chumba cha nyuma, na kuanzia hapo hakumsemesha, wala yeye hakusemeshwa. Kazi haikusimama, maana wateja hawajui habari za vyumba vya watu. Fundi Moto akimaliza kuchonga alileta sinia la bati lenye pini, akaliweka kwenye kizingiti cha chumba cha nyuma, akaondoka. Mama Makopo akimaliza kukomaza alilirudisha lile lile kizingitini. Waliishi hivyo kwa kizingiti. Chakula cha mumewe alikipika, akakifunika, akakiacha mezani, na mara nyingi alikikuta kama alivyokiacha, kwa kuwa mwenzake alikuwa ameshakula ng'ambo ya reli.

Ilikuwa wiki ya pili ya kununiana huko ndipo likaja sinia la pini kumi na mbili za Bi Mashine. Mama Makopo alizihesabu kwa kidole. Kumi na mbili, zimechongwa vizuri, zinang'aa. Lakini kile kipande cha ziada hakikuwepo. Kwa kawaida mumewe alikikata mwishoni mwa fimbo na kukilaza pembeni mwa sinia, bila kuambiwa, kama mtu anavyoweka kijiko pembeni mwa sahani. Safari hii amesahau, au amepuuza.

Alisimama kizingitini. Lethi ilikuwa imezimwa. Mumewe alikuwepo pale mbele, hatua kumi, akipiga mluzi. Kilichotakiwa ni maneno matatu: nipe kipande kilichobaki. Aliufungua mdomo. Mluzi ukaendelea, wimbo wa mtu mwenye furaha, na yeye akaufunga mdomo. Alikuwa na kopo la mabaki ya fimbo za zamani, mashahidi waliokuwa hawajatumika. Akachagua kimoja chenye unene ule ule. Akakitia pamoja na pini, akaziba kwa udongo, akawasha moto.

Ambacho hakukijua ni hiki. Fimbo ya chuma laini ilikuwa imekwisha, na Fundi Moto, akiwa na haraka ya kumaliza kazi ahame, hakwenda dukani. Aliokota kwa wavunja magari chuma cha springi, kirefu, cha mviringo, akakilegeza kwenye jiko la mkaa la mke wake mpya, uso ameugeuza, akakifukia kwenye majivu mpaka kikapoa polepole, na kikakubali kuchongwa. Hata hivyo kilimlia kisu cha lethi mara mbili. Mtu mwingine angejiuliza. Yeye alinoa kisu akaendelea na mluzi. Chuma cha namna hiyo kina mkaa wake tumboni tangu kiwandani. Ukikitia kwenye kopo la Mama Makopo na kukizamisha majini, hakiwi kigumu ngozi tu. Kinakuwa kioo mpaka moyoni.

Mkaa wa debe la pili ulipokwisha, alifungua kopo kwa koleo, akamwaga vyote kwenye pipa la maji. Maji yakanguruma. Na katikati ya ngurumo hiyo akasikia kitu kidogo, sauti nyembamba kama ukucha ukigonga glasi. Mara moja tu. Alisimama na koleo mkononi. Alijua sauti hiyo ni ya nini. Mama mkwe alimwonya juu yake mwaka ule wa kwanza. Ni chuma kinachopasuka. Akajiambia ni kipande cha udongo kimegonga pipa.

Akamtoa shahidi, akambana, akamvunja. Pembeni ukanda mweupe, ndani kijivu chenye nyuzi. Kamili. Akapitisha tupa juu ya pini zote kumi na mbili, moja baada ya nyingine, tupa ikateleza kama juu ya sahani. Kamili. Akazifuta mafuta, akaziweka kizingitini. Bi Mashine mwenyewe alikuja kuzichukua kwa mlango wa uani, akamkuta amevimba macho, akamuuliza kulikoni.

"Moshi," akasema Mama Makopo.

"Moshi wa ng'ambo ya reli," akasema Bi Mashine. Mtaa mzima ulikuwa unajua kuanzia mwezi wa tatu. "Pole, fundi. Yule bwana atajiju."

Siku ya tisa, saa nne asubuhi, foleni ya kinamama na ndoo zao ikiwa imefika barabarani, pini moja ilikatika ndani ya mashine. Nyundo yake ikaruka ikaipiga pini ya pili, nayo ikakatika kama biskuti. Kipande kimoja kikatokea kwenye mdomo wa kulishia nafaka. Bi Mashine alikuwa ameinama pale pale, anasukuma mahindi kwa kiganja. Kikamwingia jicho la kushoto.

Hospitali walilitoa.

Walipomrudisha nyumbani, kaka yake, dereva wa lori, mtu mrefu asiyeinua sauti, aliwaita Fundi Moto na mkewe kwenye uwanja wa mashine. Watu walijaa, hakuna aliyewaita, walikuja na ndoo zao kama wanaokuja kusaga. Bi Mashine alikaa kwenye kiti cha plastiki, nusu ya uso imefungwa bandeji. Vipande vya pini vilikuwa mezani juu ya gazeti.

Fundi Moto alikuja kivyake, kutoka ng'ambo ya reli, na shati lililopigwa pasi na mtu mwingine.

"Shemeji," akaanza, akimtazama yule dereva, "mimi nimesikitika sana. Lakini lazima tuseme ukweli. Mimi nachonga tu. Hizi nilizitoa kwangu zikiwa nzima, laini, hazina kosa. Kazi ya moto ni ya mke wangu. Miaka yote hii, moto ni wa kwake. Mimi hata kule ndani siingii."

Watu wakatazamana. Kisha mzee mmoja wa nyuma akasema, "Kha. Leo Moto amehama jina?" na watu wakacheka, kicheko kile cha watu wasiotaka kucheka mbele ya mgonjwa.

"Na siri ya ukoo je?" akauliza mshonaji.

"Ukoo gani," akasema Fundi Moto. "Ni mambo yake na marehemu mama."

Mama Makopo alikuwa amesimama kando ya mzani. Maneno hayo aliyangoja miaka kumi na tisa. Aliyangoja akiwa anasaga mifupa, akiwa anapita na sinia la chai, akiwa amelala ubavu mmoja kitandani. Sasa yamekuja, yametamkwa vizuri, mbele ya mtaa mzima, na yule aliyeyatamka anamwelekezea kidole.

"Mama, ni kweli?" akauliza dereva. "Moto ni wako?"

Njia ya kutokea ilikuwa wazi kama mlango. Angesema tu: mimi ni mama wa nyumbani, nasaga mkaa, sijui kusoma wala kuandika, tazameni kibao. Hakuna hata mmoja pale ambaye angemwamini mumewe. Kibao kilikuwa juu ya mlango, na jina lilikuwa moja.

"Wangu," akasema. "Wote. Tangu pini ya kwanza."

Akaenda mezani. Akainua kipande kimoja, akakigeuza kwenye mwanga. Tumbo lake lilimetameta kama sukari, kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, pasipo nyuzi, pasipo kijivu. Akaomba pini yoyote ya zamani, zile zilizotolewa kwenye mashine kwa kulika, na mfanyakazi mmoja akaleta mbili kutoka kwenye ndoo. Akaibana ya kwanza kwenye jiriwa la mashine, akaipiga nyundo. Ikajikunja. Akaipiga mara tatu ndipo ikaachia. Akaziweka pamoja kwenye gazeti, ya zamani na mpya.

"Hii ni kazi yangu," akasema. "Ngumu ngozi, laini ndani. Na hii nayo imetoka motoni kwangu, lakini chuma hiki si kile. Hiki ni kigumu mpaka moyoni. Hakikufaa kuingia kwenye kopo. Muulizeni alikitoa wapi."

Dereva alivitazama vipande kwa muda mrefu. Alikuwa mtu wa magari, hakuhitaji kuelezwa zaidi. Akamgeukia Fundi Moto.

"Ulikitoa wapi?"

"Chuma ni chuma, shemeji."

"Nimekuuliza ulikitoa wapi."

"Kwa wavunja magari. Lakini kilikuwa kizuri. Kigumu hata kuchonga."

Watu wakaguna. Mtu mmoja akasema springi, mwingine akalirudia neno hilo kwa walio nyuma, na Fundi Moto akaanza kuikunjua mikono ya shati kisha kuikunja tena. Mama Makopo angeweza kunyamaza hapo. Ilikuwa imekwisha: moto ni wake, kosa ni la mwingine, na mtaa mzima umesikia vyote viwili asubuhi moja. Alihisi kitu kama shibe kikimpanda kifuani.

Ndipo Bi Mashine akasema, kwa mara ya kwanza, bila kugeuza kichwa kwa sababu ya bandeji.

"Na shahidi?"

Mama Makopo aliiweka nyundo chini.

"Uliniambia kila kopo unatia shahidi. Nilikaa kwenye kigoda chako ukinionyesha. Kimekatwa fimbo moja na pini. Sasa yeye alisemaje?"

"Alikuwa mzuri," akasema Mama Makopo.

"Vipi awe mzuri, na hizi ziko hivi?"

Mwanya ulikuwepo hata hapo. Angesema mume ndiye aliyemletea kipande kisicho chenyewe, na nani angebisha? Fundi Moto mwenyewe asingekumbuka. Lakini yule aliyeuliza ndiye aliyemwita fundi kwa miaka saba, kwa sauti ya chini, kupitia uani, na sasa alikuwa na jicho moja la kumtazamia.

"Nilitia shahidi wa chuma kingine," akasema. "Hakuniwekea kipande. Nikachukua cha zamani."

"Si ungemwambia akupe."

"Tulikuwa hatusemezani."

Wa nyuma wakasogea karibu na ndoo zao.

"Alikuwa mbali?"

"Alikuwa pale mbele. Anapiga mluzi. Na moja ililia ndani ya maji. Niliisikia. Nikajifanya sikusikia."

Bi Mashine akasema, polepole, kama mtu anayerudia anwani asije akakosea.

"Kwa hiyo jicho langu limekwenda kwa kuwa ninyi wawili mlinuniana."

"Mmemsikia wenyewe," akasema Fundi Moto haraka, na uso wake ukakunjuka. "Mimi nimesema nini tangu mwanzo?"

"Wewe toka hapa," akasema dereva, bila kuinua sauti.

Akatoka. Kesho yake alikuja na mkokoteni na watu wanne, akachukua lethi, kibao, jiriwa, hata lile sinia la bati. Ng'ambo ya reli alikitundika kibao upya, na alieleza kila aliyeuliza kwamba mke wa kwanza alimharibia jina kwa kazi ya uzembe, na kwamba sasa pini zake anazipeleka kukomazwa kiwandani. Watu walimwamini. Kuna watu ambao huaminiwa popote wanapotundika kibao. Alichonga na akaendelea kula.

Kwa Mama Makopo hakuja mteja. Waliokuwa wamesikia habari nusu walisema pini zake zinapasuka. Waliosikia zote walisema mabaya zaidi. Tanuri likaingia buibui. Wiki ya tatu alikuja yule dereva, akasimama uani.

"Dada yangu anasema uje usage. Haoni upande mmoja, mikanda inamtisha."

"Mpaka lini?"

"Hajasema."

Akajifunga kanga nyingine kiunoni akamfuata. Tangu siku hiyo alifungua mashine saa kumi na mbili asubuhi, akabeba magunia, akalisha nafaka, akafagia unga, akafunga jua likishuka. Bi Mashine alikaa mlangoni kwenye kiti cha plastiki na kupokea wateja. Utani wake ulikuwa umerudi, lakini ulikuwa wa kinamama wa foleni. Mama Makopo hakuitwa kwa jina wala kwa neno lolote. Aliitwa kwa kuelekezwa kidevu. Kinamama walizoea. Wachache walimsikitikia, na hilo lilimchoma kuliko wale waliomtazama vibaya.

Mwanzoni alikosea jambo moja mara kwa mara. Nafaka ya mteja ikiisha kusagwa, alitoka moja kwa moja kwenye mashine kuja kutoa habari, na njia hiyo fupi ilimleta upande wa kushoto wa kiti. Bi Mashine hakumwona akija. Aliposikia sauti sikioni alishtuka, mikono ikaruka kwenda usoni, ikaufunika, na siku moja aliangusha bakuli zima la unga, foleni nzima ikitazama. Alipotulia alisema neno moja tu.

"Zunguka."

Kwa hiyo sasa akimaliza anazima mashine na kungoja mkanda usimame kabisa. Anapita nyuma ya injini, anaruka bomba la moshi, anapenya kati ya ukuta na magunia ambako lazima mtu aende ubavu ubavu, anatokea upande wa kulia wa kiti, mbele kidogo, mahali ambapo jicho linaloona linamfikia. Hapo anasimama mpaka atazamwe. Ndipo anasema debe la nani limejaa.